Kaa Kwanza, Ndipo Nikupe

Mwanamume akikalia kofia yake mwenyewe, watu watacheka na yatapita. Akikalia kofia ya jirani, ataomba radhi na yatakwisha. Lakini akikalia diski ya mama mkwe wake, tena diski yenye sauti ya marehemu baba mkwe, huyo jamani hana pa kukimbilia. Na Fundi alikuwa ameikalia. Aliikalia kwa uzito wake wote, ametoka kula na ameshiba, akaisikia ikilia "kach!" chini yake. Hakunyanyuka upesi. Alijua akinyanyuka tu, jambo lenyewe litakuwa limeshakuwa kweli.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua. Upande wa barabarani alikaa yeye na bisibisi zake, na rundo la simu ambazo hata wenyewe walishazikatia tamaa. Upande wa ndani alikaa mkewe, fundi cherehani, na vitambaa vyake na kioo kirefu. Mipaka ilikuwa ya kuambiana tu. Skrubu zilionekana kwenye mifuko ya magauni, na vipande vya vitambaa vilitua kwenye viti vya Fundi, na kila siku waligombana kwa sababu hiyo na kila siku walipatana.

Juu ya meza ya Fundi ilikuwapo kompyuta yake ya zamani aliyoiita Bibi Kizee. Mfumo endeshi wake ulikuwa wa kale, hata walioutengeneza walishausahau. Fundi hakutaka kusikia habari ya kuubadilisha. "Bibi Kizee hajawahi kunisaliti," alikuwa akisema. Mkewe alikuwa na kompyuta mpakato ya kuchorea mitindo, yenye mfumo mpya, na Fundi aliuita mfumo wa wanasesere, wa kuchezea tu. Mkewe alikuwa akiuma uzi kwa meno, akimtazama, na kumwambia, "Sema tu, mume wangu. Iko siku."

Sasa hiyo diski. Mzee, yaani baba mkwe, alikuwa mwalimu wa udereva maisha yake yote. Siku aliyostaafu walimfanyia sherehe ndogo, akatoa hotuba, na mtu akairekodi kwa video iliyowekwa kwenye diski hiyo. Alipofariki, hotuba ile ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Mama Mkwe alikuwa akiiangalia kila wiki, peke yake, mlango umefungwa. Hakuruhusu inakiliwe. "Sauti ya mume wangu haigawiwi kama karanga," alisema. Ni Fundi ndiye aliyembembeleza, mwezi baada ya mwezi, kwamba diski huharibika, Mama, tuweke nakala, Mama, mimi mwanao nipo. Mpaka mama wa watu akalainika.

Yeye Fundi hotuba ile hakuwahi kuisikia. Siku yenyewe alikuwa nyuma ya nyumba, amelala kifudifudi, anahangaika na spika aliyokuwa ameiunguza mwenyewe asubuhi yake. Na kusema kweli hakuwa na hamu sana ya kuisikia. Siku ya kwanza alipokwenda ukweni kuposa, alikalia miwani ya Mzee. Mzee aliiokota, akaivaa hivyo hivyo na kioo kimoja, akaendelea na mazungumzo bila kusema neno. Neno hilo ambalo hakulisema ndilo lililomtesa Fundi miaka yote. Aliamini kwamba Mzee alikufa hajamsamehe.

Mama Mkwe alikuwa na tabia moja ambayo Fundi hakuielewa hata siku moja. Akitaka kumpa kitu, kiwe kikombe cha chai, kiwe mtoto mchanga, lazima kwanza amwambie, "Kaa." Akishakaa barabara, ndipo anapewa. Fundi alidhani ni heshima. Hata asubuhi ile alipoleta diski dukani ilikuwa vivyo hivyo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza, ndipo nikupe."

Akakaa. Akapokea kwa mikono miwili kasha dogo jeusi, likiwa na diski ndani yake na waya ukining'inia. Mama Mkwe akamtazama usoni kwa muda.

"Hiyo ni mume wangu," alisema. "Sina mwingine." Kisha akaondoka zake.

Ungedhani mtu aliyeambiwa maneno hayo ataifunga diski kifuani kwa kamba. Wapi! Mteja aliita mlangoni, Fundi akasimama, akaiweka diski kitini. Mkewe akapita na sketi ya mtu, mikono imejaa, akaitupa kwenye kiti kilekile. Fundi akamalizana na mteja, akala, akashiba, akarudi, akaona kiti kina kitambaa laini. Yaliyofuata unayajua.

"Nini hicho kimelia?" mkewe aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Ni kiti."

"Viti vyetu ni vya mbao. Havilii hivyo."

Fundi alinyanyuka taratibu, akafunua sketi. Kasha lilikuwa limepasuka katikati, na tundu la waya limeng'oka lote. Mkewe alichungulia, akashika mdomo. 

"Kasha tu hilo," Fundi alisema, akijifariji. "Diski yenyewe ni chuma, iko ndani. Naitoa, naiunga moja kwa moja kwa Bibi Kizee, nanakili, tunanunua kasha jingine, hakuna atakayejua."

Akaitoa. Ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Akaiunga. Diski ikaanza kuzunguka kwa mlio mzuri, na Fundi akaanza kupiga mbinja. Kisha Bibi Kizee akaandika kwenye kioo: *Diski hii haijaandaliwa. Uifomati sasa?* Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana, na Ndiyo ndiyo iliyokuwa imeshawaka.

Mbinja ikakatika. Fomati maana yake ni kufuta, kama mtu anayepiga deki sakafu iliyochorwa ramani. Fundi aliurudisha mkono wake nyuma, akaukalia, kwa usalama.

Akachomoa, akachomeka. Maneno yaleyale. Akaitikisa kidogo, akaipuliza, akaisemesha kwa upole. Maneno yaleyale. Jasho likamtoka mahali ambapo hakujua mtu anaweza kutoka jasho. Hapo simu ikalia, na bila shaka alikuwa Mama Mkwe.

"Vipi, mwanangu, umeshanakili?"

"Aa, Mama, bado kidogo. Diski imechoka na safari. Tumeiacha ipumzike."

"Ipumzike?"

"Ndiyo, Mama. Ipoe."

"Haya," alisema Mama Mkwe, kwa sauti ya mtu anayekunja kitu na kukiweka mfukoni kwa matumizi ya baadaye.

"Mwongo wewe," mkewe alisema. "Diski imechoka na safari! Imetoka mtaa wa pili."

 Fundi alikuwa anakodolea macho kioo, kwa sababu palikuwa na jambo la ajabu. Diski ile ilikuwa kubwa, ukubwa wake umeandikwa ubavuni. Lakini sehemu aliyoiona Bibi Kizee ilikuwa ndogo. Akapiga hesabu. Ilikuwa sehemu moja ya nane. Si karibu na moja ya nane, bali moja ya nane kamili. Diski iliyoharibika haiharibiki kwa adabu namna hiyo.

Upande wa pili wa pazia, mkewe alikuwa akiguna. "Nusura nikate gauni la mtoto wa mdoli hapa! Futi imejigeuza, nilikuwa nasoma upande wa sentimita kumbe namba nilizoandika ni za inchi."

Fundi alifungua pazia ghafla, mkewe akaruka.

"Rudia ulichosema."

"Nimesema futi imejigeuza. Namba ni zilezile, vipimo ndivyo sivyo. Kwani nimefanya nini?"

"Umeniokoa!" Akambusu kwenye paji la uso, pini zikamchoma kidevu.

Kumbe ilikuwa hivi. Kila diski imegawanywa katika vipande vidogo, sekta, na kila kitu kilichohifadhiwa kina anwani: nenda kipande namba fulani. Mifumo ya kale kama wa Bibi Kizee ilizoea vipande vidogo, na namba zake hazitoshi kufika mwisho wa diski kubwa. Basi waliotengeneza lile kasha wakafanya ujanja. Kasha lilikuwa likihesabu kwa vipande vikubwa, kila kimoja sawa na vidogo vinane, ili namba zitoshe. Anwani zote za diski ya Mama Mkwe ziliandikwa kwa hesabu hiyo. Kasha lilipovunjika, hesabu ya vipande vikubwa ilikwenda nalo, na Bibi Kizee akawa anasoma namba zilezile kwa kipimo kidogo. Ukiambiwa kitu kipo ndoo ya kumi, nawe ukahesabu vikombe kumi, utafika wapi? Utakuta patupu, utasema hakuna kitu.

"Kwa hiyo Baba yumo?" mkewe aliuliza, na safari hii hakuwa na utani.

"Yumo. Mzima kabisa. Ninachotaka ni kasha kama lile."

Kasha kama lile lilikuwapo moja, na wote wawili walijua liko kwa nani. Liko kwa kaka yake mkewe, shemeji ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa habari ikiingia kwake haikai. Yeye ndiye aliyenunua makasha mawili pacha, moja la mama yake na moja lake.

"Usiende," mkewe alionya.

Akaenda. Alimkuta Redio ameketi mbele ya mpira, kasha lake jeusi likiwaka taa pembeni ya televisheni.

"Shemeji, habari za hapa? Naomba uniazime kasha lako kidogo."

Redio aligeuka taratibu. "La nini?"

"Kuna mteja anataka kama hilo. Nataka nimwoneshe rangi."

"Ni jeusi, shemeji. Mteja wako hajawahi kuona kitu cheusi?"

"Anataka kujua ni jeusi la namna gani."

Redio alizima mpira. Mtu anayezima mpira kwa ajili yako, ujue umekwisha. "La Mama limepatwa na nini?"

"La Mama? Halijapatwa na kitu! Limepumzika!"

"Basi hili halitoki hapa mpaka niambiwe."

Fundi aliaga kwa heshima. Kabla hajafika getini alishamsikia mwenzake akisema ndani, "Haloo, Mama? Umekaa?"

Alirudi dukani mbio. "Mke wangu, tumekwisha. Redio ameshatangaza. Mama yuko njiani."

Mkewe hakuinua uso kwenye cherehani. "Na mfumo wangu wa wanasesere unaweza kuambiwa uhesabu vipande vyovyote, vikubwa kwa vidogo. Au hukuambiwa hivyo na Bibi Kizee?"

 Fundi alikuwa anajua. Tangu alipotambua ile moja ya nane alijua, ila ulimi ulikataa. Mfumo mpya, ukiuamuru sawasawa, unasoma kwa kipimo unachoutajia. Ndiyo maana alikimbilia kwa Redio kwanza, kwani afadhali aibu ya shemeji kuliko ya mke.

"Naomba kompyuta yako," alisema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia."

"Naomba kompyuta yako, na mfumo wako ni mzuri."

"Mzuri kuliko wa nani?"

"Kuliko wa Bibi Kizee," Fundi alisema, na akamgeuzia Bibi Kizee mgongo ili asimwone usoni.

Alikuwa ndiyo kwanza ameketi na mpakato, baada ya kukipapasa kiti, na kuiunga diski kwa waya mtupu, ndipo akamsikia Mama Mkwe akikohoa barabarani. Mkewe alichomoka kwa kasi, futi shingoni.

"Mama! Karibu! Umekuja wakati wake hasa, nataka kukupima."

"Sikuja kupimwa. Nimekuja kumwona..."

"Gauni la zawadi, Mama. Pita huku ndani." Fundi akaikinga diski kwa mgongo wake wakati wakipita, na pazia likafungwa.

Fundi akafungua mpakato. Ukamwomba neno la siri. Hakulijua! Akakohoa kwa nguvu. "Mke wangu, eti... lile neno lako, la kufungulia..."

Nyuma ya pazia mkewe akapaza sauti. "Unajua, Mama, kitu kimoja kinanikera nyumbani. *Mume wangu hasikii!*"

"Wanaume wote ndivyo walivyo," alisema Mama Mkwe.

"Lakini mimi nasema hivi, Mama, bila kuacha nafasi, herufi zote ndogo, *mume wangu hasikii!*"

Fundi akaandika. Mpakato ukafunguka. Moyo ulimuuma kidogo, lakini haukuwa wakati wa kuulizana.

Mfumo mpya nao ulianza kwa kusema diski ni tupu. Fundi akafungua dirisha la amri, akaanza kuandika: soma kwa vipande vikubwa. Alikosea herufi. Akafuta. Kama mawazo yake si sahihi, basi Mzee hayupo tena, na aliyemwondoa ni yeye. Miwani mtu anaweza kununua nyingine.

"Sasa unanipima kifundo cha mguu cha nini?" Mama Mkwe alisikika. "Gauni hilo au soksi?"

"Mtindo mpya, Mama."

"Na paji la uso?"

"Kuna kofia yake."

Akaandika tena, polepole, herufi kwa herufi. Akabonyeza. Mshale ukazunguka. Ukazunguka tena. Kisha folda moja ikajitokeza, moja tu, na jina lake lilikuwa *Mzee*.

Fundi alisahau yote. Alisahau nakala, alisahau pazia, alisahau kupunguza sauti. Akaibofya, na sauti ya marehemu ikajaza duka zima, nzito, ya mtu aliyezoea kuwapigia kelele madereva wanafunzi: "Kaeni chini nyote, tafadhali, mwenzenu hajazoea kuongea mbele ya watu waliosimama!"

Pazia lilifunguka. Mama Mkwe alikuwa amesimama, futi imemzunguka kiunoni, mkono mmoja umekwama hewani. Akatazama mpakato. Akatazama diski, iko mezani bila kasha, waya umechomoza.

"Mbona mume wangu yuko uchi?" aliuliza.

Njia ya mwongo ni fupi, na Fundi alikuwa amefika mwisho wake. "Nimeikalia, Mama," alisema. "Nisamehe. Kasha limevunjika. Nikaogopa kukwambia."

 Mama Mkwe alivuta kiti, akaketi mbele ya mpakato, na alipoona Fundi anataka kuizima, akamzuia. "Iache. Imekaribia pale pako."

"Pangu?"

Mzee kwenye kioo alikuwa anafuta jasho, amewashukuru wakubwa na wenzake, sasa anawageukia wa nyumbani. "Na mkwe wangu," alisema, "sijui yuko wapi." Watu kwenye video wakacheka, na kwa mbali spika ikasikika ikikoroma. "Haya, yuko huko nyuma anatengeneza alichokiunguza. Mke wangu, nikusihi jambo mbele ya mashahidi hawa. Kijana huyu usimpe kitu amesimama. Akipewa amesimama atakiweka kitini, akirudi atakikalia. Mwambie akae kwanza, ndipo umpe."

Kicheko kilikuwa kikubwa, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mkewe Fundi, mle ndani ya video na hapa dukani pia. Fundi aliinamisha kichwa. Miaka yote ile alidhani ni heshima!

Lakini Mzee alikuwa hajamaliza. Alivua miwani, na jamani, ilikuwa ileile, ina kioo kimoja. "Wengi mmeniuliza kwa nini sinunui nyingine," alisema. "Siku ile alipoikalia, wote mliona alivyoikalia. Hakuna aliyeona alivyorudi kesho yake alfajiri na gundi, akaomba aiunge fremu yake, akakaa mlangoni kwangu mpaka ikashika. Mtu wa kuvunja yupo kila nyumba. Wa kurudi na gundi ndiye sikuwahi kumpata, mpaka nilipompata huyu. Akikalia kitu changu, mke wangu, usimgombeze sana."

Akaivaa tena. Watu wakapiga makofi. Fundi, mtu mzima na mikono yake ya mafuta, aliangalia ukutani, akalia waziwazi, na mkewe akampa kipande cha kitambaa ambacho baadaye kilikutwa ni mfuko wa suruali ya mteja.

"Mama, kwa nini hukuniambia siku zote?" aliuliza alipopata sauti.

"Ungeacha kukaa," alisema Mama Mkwe. "Ungekuwa unajihadhari. Nami nilikuwa napenda kukwambia kaa, kwa sababu ni maneno yake." Alijifungua futi kiunoni, akaikunja vizuri. "Redio aliponipigia, niliogopa. Njia nzima nilikuwa naogopa. Nilisema leo nimebaki mjane kwelikweli."

"Nitaweka nakala sasa hivi, Mama. Mbili. Tatu."

"Weka. Na moja ikae kwako." Alisimama, akaichomoa diski taratibu, akaishika kifuani, ikiwa bado ina joto. Kisha akakumbuka kwamba nakala bado, akaguna, akamgeukia mkwewe na kuinyoosha kwake.

"Kaa kwanza," alisema.

Fundi aligeuka, akakipapasa kiti chote kwa mkono, akainua kitambaa, akatazama chini yake, akakirudisha. Kisha akakaa.